Nani anatazama video za panki kule Lodwar na Kakuma?

Vijana wanne wa Nairobi wanaopiga magitaa walinipigia simu mwishoni mwa mwaka 2025 wakitaka niwasaidie jambo lililoonekana dogo. Walikuwa wametoa video tatu, wamezipandisha YouTube, na walikuwa na pesa za ziara moja tu nje ya Nairobi. Waende wapi? Mmoja alitaka Mombasa, bila shaka kwa ajili ya bahari. Mwenzake alikuwa na kipande cha video alichotumiwa kwenye WhatsApp na mtu asiyemjua: ndani ya kinyozi mjini Lodwar, runinga imetundikwa ukutani, wimbo wao unacheza, na vijana kama wanane wanaruka mpaka picha inatikisika.

Nikafungua ukurasa wao wa takwimu za YouTube. Kenya, Uingereza, Ujerumani, Marekani. Nikaibonyeza Kenya itoe miji: Nairobi kwa wingi, Mombasa kidogo, Nakuru kidogo. Lodwar haikuwepo kabisa. Na mimi nilikuwa nimetoka kuiona kwa macho yangu, watu wakitoka jasho ndani ya kinyozi.

Kuuliza watu wanasikiliza nini na wanatazama nini ndiyo kazi iliyonilea. Nimekaa mabaraza ya Kibokoni na daftari nikiandika nyumba gani imefungua redio gani. Kwa hiyo niliwaambia vijana wale kuwa nitakwenda mwenyewe, Lodwar kisha Kakuma, na nikirudi nitawaambia nilichokiona. Haya ninayoyaandika hapa ni ya wasomaji wa Pwani, kwa sababu tatizo nililolikuta Turkana lipo Faza, lipo Kipini, lipo Vanga, ila hatujaliita jina.

Tuelewane neno kwanza. Panki, kwetu, ni ya kinyozi: unanyolewa pande mbili na katikati unabakishiwa mstari uliosimama kama undu wa jogoo. Mtindo ule umechukua jina kutoka kwenye muziki. Muziki wenyewe ulianza New York katikati ya miaka ya 1970, ukalipuka London mwaka 1976. Nyimbo ni fupi, dakika mbili au tatu, gitaa linakwaruza, ngoma inakwenda mbio, na mwimbaji anafoka zaidi ya anavyoimba. Wenyewe walikuwa na msimamo mmoja: usingoje ujue sana. Jifunze vidole vitatu vya gitaa, tafuta wenzako, rekodini wenyewe, uzeni wenyewe. Walichokuwa wakikifokea ni ukosefu wa kazi, polisi, serikali, na wakati mwingine wazazi wao.

Watu wengi huuhesabu kuwa muziki wa Wazungu. Si kweli tangu mwanzo. Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi waliojiita Death, waliokuwa wakipiga hivyo kabla jina lenyewe halijaenea. Washington walikuwepo Bad Brains, weusi na Marasta. Johannesburg, chini ya ubaguzi wa rangi, National Wake walichanganya wapigaji weusi na weupe kwenye jukwaa moja. Na London bendi ya X-Ray Spex iliongozwa na binti aliyejiita Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Huyu bibi atarudi tena katika habari yetu. Hapa kwetu Kenya wapo Crystal Axis wa Nairobi, ambao wimbo wao mmoja unaitwa Leopold, kwa ajili ya yule mfalme wa Ubelgiji na yale aliyoyafanya Kongo, na mwingine unaitwa Nyayo House, jina ambalo Mkenya wa umri wangu halihitaji kufafanuliwa. Wapo pia Duma, vijana wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wale wamekwenda mbali zaidi ya panki, na ukiwasikiliza kwa mara ya kwanza utadhani spika imekufa.

Kabla hamjaniandikia kuhusu Freddie Mercury: naam, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Lakini alichopiga na Queen ni roki ya viwanja vikubwa, na panki ilizaliwa na watoto waliokuwa wamewachoka watu kama Queen.

Sasa, kwa nini Lodwar haikuonekana?

YouTube haimwoni mtu. Inaona kifaa kilichounganishwa na intaneti, na kila kifaa hujitokeza huko kwa anwani ya tarakimu. Kwa anwani hiyo ndiyo hukisiwa kifaa kiko wapi. Kukisia nchi ni rahisi na mara nyingi hupatia. Kukisia mji, hasa kwa mtu anayetumia bando la simu, ni jambo jingine, kwa kuwa maelfu ya simu za kampuni moja hutokea kwenye intaneti kupitia malango machache, na malango yako miji mikubwa. Mtu amekaa Lodwar chini ya mkoma, anwani yake inasema Nairobi. Yule wa Faza naye anaweza kuhesabiwa Mombasa au Nairobi, inategemea siku hiyo amepitishwa mlango gani. Ukiona ramani ya watazamaji wa Kenya imejaa doa moja kubwa Nairobi, ujue ndani ya doa hilo wamo watu ambao hawajawahi kufika Nairobi.

Umri na jinsia ndiyo matata zaidi. Hivyo YouTube huvitoa kwenye akaunti ambayo simu imeingia nayo. Lakini akaunti kafungua nani? Pale Lodwar nilikaa kwa muuza simu za mkono wa pili, na adhuhuri moja nikamwona akiwafungulia wateja watatu akaunti, zote kwa tarehe ya kuzaliwa moja, yake yeye. Mmoja wa wateja alikuwa mama mtu mzima aliyekuja na mbuzi. Kwa YouTube, mama yule ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na kitu. Na bendi ikiwa ndogo, watazamaji wakiwa wachache, YouTube huficha baadhi ya mambo haya kabisa, kwa hiyo hata uongo wenyewe huupati.

Lakini haya yote ni madogo ukiyaweka kando ya memori kadi. Video hupakuliwa mara moja, na mtu mmoja mwenye bando, pengine yuko chuoni Eldoret au Kitale kwenye mtandao wa bure. Baada ya hapo haigusi intaneti tena. Inatoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta ya dukani, kutoka hapo kwenda kwenye kadi, kutoka kadi kwenda kwenye simu ya mwenye boda, kutoka simu hadi simu kwa Xender. Watu mia wataitazama na YouTube itaandika mtazamaji mmoja, wa Eldoret.

Watu wa Pwani hili si geni kwetu, tumelisahau tu. Kanda za taarab zilirekodiwa harusini, zikanakiliwa. Mbwana Radio Service ya Mombasa iliuza zake, na kila iliyouzwa ilizaa nyingine sebuleni kwa mtu. Sauti ya Juma Bhalo ilisikika Lamu na ikasikika Maskati, na hakuna aliyeweza kusema ni kanda ngapi. Tofauti ni kwamba zama zile hakuna aliyejidai kuwa anazo hesabu. Siku hizi kuna ukurasa wenye michoro ya rangi, na mfadhili anaukubali kama ushahidi wa mahakamani.

Mamlaka ya Mawasiliano nayo hutoa ripoti za usikilizaji na utazamaji, ambazo zinasaidia kwa redio na runinga. Ila zinagawa nchi kwa kanda pana, na kwa swali langu hazikuwa na safu. Nikapanda basi.

Lodwar ni mji wa watu zaidi ya 80,000 kwa sensa ya 2019, kando ya mto Turkwel, makao makuu ya kaunti iliyohesabiwa watu 926,976. Wakoloni walimfunga Kenyatta huko kwa sababu waliona ni mwisho wa dunia. Mpaka leo utamsikia mtu wa Turkana anayesafiri kwenda Kitale akisema anakwenda Kenya, na hasemi kwa mzaha. Niliikumbuka ile ramani ya YouTube.

Kinyozi nilikipata siku ya kwanza. Ukimwonyesha mwenye boda picha ya ukuta wa rangi ya samawati anakupeleka. Mwenyewe akanikaribisha vizuri, akaniita mzee wa Mombasa, jina nililokaa nalo mpaka nilipoondoka. Hapo nikafanya kosa la kitoto. Nilimuuliza kijana aliyekuwa kwenye kiti kama anapenda panki. Akajishika kichwa, akasema hapana, mama yake hatataka. Wote waliokuwemo wakajibu habari ya nywele. Mmoja akanifahamisha kuwa mtindo huo ni wa kina mama wa Turkana tangu zamani, kunyoa pembeni na kusuka katikati, na kwamba Wazungu ndio walioiga. Sikubishana naye.

Tangu hapo sikuuliza tena. Nilifundishwa zamani kuwa ukimuuliza mtu anapenda nini, atakupa jibu la heshima. Niliomba ruhusa ya mwenye duka, nikakaa kona siku tatu, video za wale vijana zikachanganywa na nyimbo nyingine za kawaida yake, na mimi nikawa naandika mambo manne tu: nani aliyesimama mlangoni, nani aliyebaki mpaka mwisho, nani aliyeuliza "hii ni nini?", na nani aliyetaka ihamishiwe kwenye simu yake. La mwisho ndilo lenye uzito, maana kuhamishiwa video ni shilingi kumi, na kijana wa boda hatoi shilingi kumi kumfurahisha mgeni.

Walisimama wengi. Kelele ya gitaa huwasimamisha watu hata wakiwa wanaichukia. Waliobaki walikuwa wachache, na mwanzoni sikuelewa kilichowabakisha, kwa kuwa maneno ni ya Kiingereza na Sheng ya haraka na hakuna aliyekuwa akiyafuata. Jibu alinipa mama mmoja muuza vikapu vya mkoma aliyeingia kukimbia jua. Alitazama video ya pili, ile ambayo watazamaji wa Nairobi wanaruka juu chini mbele ya jukwaa, akasema neno kwa Kiturkana, duka zima likacheka. Nikatafsiriwa: hawa watoto wanacheza edonga, lakini nani aliwafundisha vibaya hivi?

Edonga ni ngoma ya Waturkana. Watu hufanya duara, huimba, nyingi zikiwa sifa za mafahali, na wachezaji huruka wima, miguu pamoja, wakishuka kwa kishindo kimoja. Na ule mchezo wa panki ulioanza London miaka ile ni huo huo kwa umbo: unaruka wima palepale ulipo, basi. Hakuna aliyemwiga mwenzake, lakini mtu wa Lodwar anapoitazama video ile, mwili wake unaijua kabla masikio hayajaikubali. Wale vijana wanane niliowaona kwenye simu hawakuwa wapenzi wa panki. Walikuwa wakicheza edonga kwa ngoma ngeni, wakiwacheka wa Nairobi kwa kukosa mpangilio. Hilo ukurasa wa takwimu usingeniambia hata ungeijua Lodwar ilipo.

Kilichonisumbua ni kuwa hapo kinyozi sikuwa nimemwona mwanamke zaidi ya yule mama wa vikapu. Ni makosa yanayojirudia katika kazi hii: unakwenda kwenye runinga iliyo wazi kwa wanaume, unarudi na kusema watazamaji ni wanaume. Nikamwomba binti mmoja mwanafunzi wa chuo akae saluni siku mbili na flashi ileile, mimi nisitie mguu. Alirudi na habari fupi. Huko ni nyimbo za injili, bongo fleva na za Nigeria, na video za vijana wangu zilizimwa kabla ya dakika moja. Ila nilikuwa nimeongeza kipande cha zamani cha Poly Styrene, msichana mnene kidogo, amevaa vyuma vya meno, anafoka kama aliyeibiwa. Hicho hawakukizima. Walitaka kujua ni nani, kwa nini ana hasira, na vile vyuma vinauzwa wapi. Wakakirudia. Niliwaandikia vijana wangu usiku huo kuwa labda shida yao si Turkana, ni kwamba hawana mwanamke hata mmoja katika video zote tatu.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini magharibi, na barabara siku hizi ni lami. Kambi iliwekwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan. Sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2010, watu wanafikia takriban laki tatu: Wasudani Kusini ndio wengi, kisha Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Kuingia kufanya utafiti kunahitaji kibali cha idara ya wakimbizi, na si vibaya kuwa hivyo.

Msomaji asidhani kambi ni mahema na foleni tu. Utafiti wa IFC uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma, kambi na mji, kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,100 ndani ya kambi. Wapo wenye jenereta wanaowauzia majirani umeme kwa waya. Vipo vibanda vya sinema vyenye mabenchi ambavyo huonyesha mpira, filamu za Kihindi, na filamu za mapigano zenye sauti ya DJ Afro juu yake. Kwa sinema Kakuma ina historia ndefu kuliko miji yetu mingi: FilmAid walianza kuonyesha filamu huko mwaka 2001, skrini kubwa uwanjani usiku, watu wamekaa chini, na baadaye wakawafundisha vijana wa kambi kutengeneza zao. Kwa muziki, Octopizzo aliwakusanya wasanii wa Kakuma na Dadaab katika albamu ya Refugeenius. Watu wa huko wamezoea skrini, tena wanaichambua vikali.

Shida ya kuuliza maswali Kakuma ni kinyume cha Lodwar. Huko watu wameulizwa mno. Ukitoa daftari, swali la kwanza ni shirika gani. Ukijibu huna shirika, hawaamini. Na kila jibu wanalokupa limepimwa kwanza: likiandikwa litaleta nini, au litaondoa nini? Mwaka 2025 pesa za wafadhili zilipungua, WFP ikapunguza mgao wa chakula, kukawa na maandamano, kisha familia zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na kundi la mwisho likaachwa bila chakula. Mimi nimefika katika hali hiyo na flashi ya panki.

Siku ya pili mama mmoja Mkongo, ambaye mwanawe anaendesha kibanda cha sinema, aliniuliza kwa upole kabisa kama nikiandika kuwa hapa watu wana simu na wanatazama video, wakubwa hawatasema wameshiba. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaulizwa swali zito kama lile. Sikuwa na jibu la kumpa wakati ule. Nilisema nitafikiri, na nikaenda kukaa nje.

Nilichofanya ni hiki. Nilifuta maswali yote niliyokuwa nimeandaa kuhusu nani ana simu ya aina gani, nani ana runinga, nani analipa kiasi gani kwa wiki. Wale vijana wa magitaa hawakuyahitaji. Niliyaweka kwa mazoea, kwa kuwa kila fomu ya utazamaji huanza nayo. Sikuandika jina, wala sehemu ya kambi, wala namba ya simu. Nikarudi kwa yule mama nikamwonyesha ukurasa nilioufuta. Hakusema kitu, ila alimwambia mwanawe aniwekee benchi mbele.

Niliyoyaona kwenye benchi lile nitayasema kwa jumla. Wasudani Kusini waliokuja walitaka hip hop, na panki waliivumilia kama mtu anavyovumilia tangazo. Mwenye duka Msomali jirani alinisikia nikisimulia habari za Poly Styrene akadhani namdanganya. Alipoona picha alikubali kwamba inawezekana, akataka kujua baba yake alitoka mji gani. Sikujua. Alinitazama kama mtu aliyeleta bidhaa bila risiti.

Walioshika ni Wakongo, na hata wao si kwa namna niliyoitarajia. Kwanza walinicheka Kiswahili changu, eti ni cha kitabu. Mimi nami Kiswahili chao cha Goma kilinipeleka mbio. Waliposikia kasi ya ngoma wakaniambia hii wanaijua, ni singeli iliyokosa maneno. Hawakukosea sana. Singeli ilitoka uswahilini Dar es Salaam, katika studio za vyumba vidogo, vijana wanajirekodia na kujisambazia wenyewe kwa kasi inayotisha moyo, na sijui ni kanuni gani ya panki ambayo haimo. Halafu nikawachezea Leopold ya Crystal Axis niliyokuwa nayo kwenye simu. Kiingereza hawakukielewa, jina walilielewa. Mmoja akaniomba nimfasirie. Nikafanya hivyo kwa kadiri yangu, na kibanda kikatulia, kisha akaomba uanze tena tangu mwanzo, kwa sauti yote. Ulichezwa mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyeruka. Walikuwa wamesimama tu wakisikiliza. Niliondoka kambini nikijua kuwa mahali ambapo ningesema hakuna mtazamaji wa panki hata mmoja, pana watu ambao huenda wana haki ya ule wimbo kuliko sisi tuliouleta.

Nilirudi na kurasa mbili. Vijana walizisoma mara moja, kisha wakauliza namba. Mzee, wangapi? Walikuwa na mtu wa kuwadhamini ambaye hapokei kitu kisicho na tarakimu. Niliwaambia sina, na kwamba nikiwapa itakuwa nimeitunga. Naweza kuwaambia video inafikaje Lodwar, nani anaibeba, nani anaizima na kwa nini. Naweza kuwaambia Kakuma wasiende na kamera kutafuta picha za kuhurumiwa. Siwezi kuwaambia wangapi. Tulivutana juma zima. Mdhamini alijitoa, na ziara ikawa Kisumu.

Jambo moja dogo ndilo walilolichukua, na lilitoka kwa kinyozi siku ninaondoka. Nilimuuliza wateja wanapotaka kuhamishiwa ile video wanaiitaje. Akasema "ile ya kuruka". Jina la bendi hakulijua. Nikatazama kadi yake: faili lilikuwa na jina la tarakimu tupu, kama zote zinazopitia WhatsApp. Kumbe hata mtu wa Lodwar aliyetaka kuwatafuta vijana hawa asingeweza, kwa kuwa katika safari yote ya flashi na kadi jina lao lilidondoka mwanzoni kabisa, na ndani ya picha hawakuliandika popote. Walikuwa wameliweka chini ya video, YouTube, mahali ambapo kadi haipiti.

Video ya nne imetoka mwezi uliopita. Jina la bendi limeandikwa kona ya chini kwa herufi kubwa nyeupe, kuanzia sekunde ya kwanza mpaka mwisho, na mpiga ngoma ni msichana. Nakala moja imekwenda Lodwar kwenye flashi, kwa mkono wa kondakta wa basi la Kitale.